Kununua fomu si kujitayarisha

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mji wa Goma unageuka rangi. Vijana wanapakwa poda nyeupe kichwani, motari wanapiga honi, mama wanaacha meza zao sokoni kwenda kukumbatia mtoto aliyepata diplome. Furaha hiyo ni haki yao. Mtoto aliyesoma miaka ya vita na kupata diplome anastahili poda na nyimbo.

Lakini majuma machache baadaye kuna karatasi nyingine inayomngoja: testi ya kuingia chuo cha biashara. Huko hakuna poda. Wengi wanaingia na tabasamu na kutoka wakitazama chini. Mara nyingi hawaanguki kwa sababu hawana akili. Wanaanguka kwa sababu walinunua fomu, wakalipa, wakapiga picha za pasipoti, wakawaza kwamba kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Jambo hili linaomba kusemwa wazi, kwa sababu feza inayopotea hapo si ya mchezo. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka wa 2019 yanahusu shule ya msingi. Sekondari mzazi analipa, chuo kikuu analipa tena. Na mzazi wa leo ni nani? Ni baba aliyekimbia Masisi na kuacha shamba la maharagi. Ni mama wa Rutshuru anayelala na watoto sita katika chumba cha familia iliyompokea. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza wa 2025, feza taslimu imekuwa ngumu kuipata hata kwa mwenye mshahara, basi kwa aliyehama makwao tusiseme. Feza ya fomu ya mtoto imetoka kwenye mbuzi aliyeuzwa, kwenye likelemba ya akina mama, au kwa shangazi aliye mbali aliyetuma kwa simu. Mtoto akianguka, feza hiyo hairudi. Mwaka unaofuata mbuzi wa pili hayupo.

Kwa hiyo kujitayarisha vibaya si kosa dogo la kijana mvivu. Ni mkono unaoingia mfukoni mwa familia nzima.

Kwanza, kwa nini biashara? Waulize vijana kumi waliomaliza, wengi watakwambia wanataka komersi au gestion. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Hiyo ni nyepesi, kununua na kuuza kila mtu anajua." Hapo ndipo mtego ulipo. Ni kweli kwamba mtoto wa Goma amekulia ndani ya biashara. Anajua bei ya sambaza kule Kituku, anajua kubadilisha dola barabarani, anajua mama anapodanganywa kwenye mizani. Lakini testi ya chuo cha biashara haimwombi auze. Inamwomba aweke kuuza kule kwenye karatasi: kwa hesabu, kwa Kifaransa, na kwa mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuufuata. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja linaomba mazoezi yake.

Matayarisho mabaya yana sura zake, na mtu akizijua atazitambua hata nyumbani kwake.

Sura ya kwanza ni kukariri. Kijana anakaa na kaye ya mwaka wa sita, anasoma kwa sauti maana ya aktifu, maana ya pasifu, maana ya amortismo, mpaka anaweza kusema yote akiwa amefumba macho. Mama anamsikia kutoka jikoni na kufurahi. Lakini siku ya testi hawamwulizi maana. Wanampa duka dogo lenye mali, madeni na feza ya kasha, wanamwambia: panga. Kijana anajua maneno yote, ila hajawahi kupanga duka hata moja kwa mkono wake. Hapo kumbukumbu inakuwa kama ufunguo wa nyumba iliyobaki kijijini: unao mkononi, lakini haufungui mlango ulio mbele yako.

Sura ya pili ni kutafuta majibu ya kuuzwa. Ugonjwa huu vijana wanatoka nao kwenye mtihani wa Serikali. Kule maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya mengine, na kila mwaka kuna watu wanaozunguka na simu wakiuza herufi za majibu kwenye WhatsApp. Wengine wanauza uongo mtupu. Wengine wanauza kweli, na huo ni ubaya zaidi, kwa sababu kijana anatoka na asilimia nzuri ambayo si yake. Akifika mbele ya testi ya chuo, ambapo msahihishaji anaweza kuomba njia yote ya hesabu na si herufi tu, asilimia ile haimsaidii kitu. Alinunua diplome, lakini kichwa hakiuzwi.

Sura ya tatu ni kungoja juma la mwisho. Kijana anapata fomu mwezi mzima kabla ya testi. Majuma matatu yanapita kwenye mpira, kwenye simu, kwenye kutafuta viatu vya kuvaa siku hiyo. Juma la nne anawasha torshi usiku kucha, anakunywa kahawa, na siku ya testi anasinzia juu ya karatasi. Hesabu haiingii kichwani kwa usiku mmoja. Inaingia kidogo kidogo, kama mvua inayolowesha udongo.

Sasa tuangalie hesabu zenyewe, ili mtu asidhani haya ni maneno ya kutisha watoto tu.

Chukua kodi ya TVA. Hapa Congo ilianza kutozwa mwezi wa kwanza 2012, nayo kwa kawaida ni asilimia 16. Kijana akiulizwa: mali ya franka 50.000 ikiongezwa TVA inakuwa ngapi? Anajibu haraka: kodi ni 8.000, jumla ni 58.000. Vizuri. Sasa geuza swali: mali inauzwa franka 58.000 pamoja na kodi, je, bei yake bila kodi ni ngapi? Wengi wanachukua asilimia 16 ya 58.000, wanapata 9.280, wanaitoa, wanaandika 48.720. Wameanguka. Jibu ni 50.000, kwa sababu ile 58.000 ni sehemu 116, si sehemu 100. Unagawa kwa 1,16. Aliyefanya zoezi hilo mara tano nyumbani hawezi kukosea. Aliyekariri maana ya TVA atakosea kila mara.

Chukua lingine. Bei ya mfuko wa makala inapanda asilimia 20, halafu inashuka asilimia 20. Imerudi pale pale? Kijana anasema ndiyo. Hapana. Ilikuwa 100, ikafika 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, imebaki 96. Na lingine: mama amenunua gunia la maharagi dola 80, ameuza dola 100. Faida yake ni asilimia ngapi? Ukipima kwa bei ya kununua ni 25, ukipima kwa bei ya kuuza ni 20. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila swali linaomba moja. Asiyesoma swali vizuri anapoteza alama huku akijua hesabu.

Na kuna hesabu ambayo mji huu unaijua kuliko vitabu. Tuseme mama ananunua gunia kwa dola 40. Anauza kwa franka 110.000. Dola ikiwa franka 2.500, ameingiza dola 44, amepata faida ya dola nne. Lakini wateja wamechelewa kulipa, na siku anapokwenda kubadilisha, dola imefika 2.750. Franka zake 110.000 sasa ni dola 40. Faida imekufa na hakuna mwizi aliyeingia dukani. Mtoto wa mama huyo ameona jambo hilo mara nyingi nyumbani. Kama angekaa naye jioni moja na kuliandika kwenye kaye, angekuwa amejifunza somo zima la biashara bila kulipa mtu.

Hapo ndipo penye uchungu. Vijana wengi wa hapa wanakwenda kutafuta "kozi ya matayarisho" ya dola nyingi, na kozi yenyewe iko nyumbani inauza maharagi.

Upande wa kontabilite kuna mtego mwingine: vitabu vya zamani. Kijana aliyehama anasoma alichokipata, na mara nyingi ni kitabu cha kaka au cha mjomba. Lakini Congo iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na tangu hapo nchi iliacha mpango wa hesabu wa mwaka wa 1976 na kufuata ule wa SYSCOHADA. Huo nao ulirekebishwa, na toleo jipya likaanza kutumika mwezi wa kwanza 2018. Kwa hiyo kitabu chenye miaka mingi kinaweza kumfundisha mtu mambo ambayo chuo hakiyatumii tena. Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, tazama mwaka kiliochapwa na tazama kama kinataja SYSCOHADA iliyorekebishwa. Kama hakitaji, kitumie kwa mazoezi ya asilimia na riba, lakini namba za hesabu kazitafute kwenye kitabu kipya au kwa mwalimu.

Halafu Kifaransa. Hiki ndicho kinachoangusha wengi kimya kimya, kwa sababu hakuna anayependa kukiri. Kijana anaongea Kiswahili sokoni, Kinyarwanda, Kihunde au Kinande nyumbani, na Kifaransa ni cha darasani tu. Akipewa tatizo la mistari kumi, anaelewa mistari sita. Hesabu angeiweza, ila hakujua wanaomba nini. Dawa yake si kamusi kubwa. Redio inatosha kuanzia. Radio Okapi tangu 2002 inatoa habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na Lingala, Kikongo na Ciluba. Kijana anaweza kusikiliza habari zile zile mara mbili, kwanza kwa lugha anayoijua, halafu kwa Kifaransa, na kuandika maneno matano mapya kila siku. Kwa majuma sita hayo ni maneno zaidi ya 200. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Corona, watoto walipata masomo kupitia redio. Chombo kile kile bado kiko mezani.

Kuna watakaosema: mnawasema watoto bure, kosa ni la vita. Neno hilo lina ukweli na haifai kulipuuza. Shule zilifungwa. Nyingine zilikaliwa na familia zilizokimbia, madawati yakawa kuni. Walimu walihama pamoja na wanafunzi wao. Kuna mtoto aliyebadilisha shule mara tatu katika mwaka mmoja, na kaye zake zilibaki katika nyumba iliyoungua. Kumwambia mtoto huyo kwamba yeye ni mvivu ni dhambi.

Lakini vita vinaeleza kwa nini ana mapengo. Havielezi kwa nini haangalii mapengo yake kabla ya kulipa fomu. Tena, msahihishaji hana kisanduku cha kuandika "huyu alihama." Karatasi ya aliyehama na karatasi ya aliyelala kwake zinapimwa kwa alama zile zile. Ni jambo gumu, lakini ndivyo lilivyo, na anayempenda mtoto atamwambia mapema kuliko kumwacha alijue siku ya matokeo.

Basi afanye nini aliye na kidogo?

Ajipime kwanza. Kabla ya kununua fomu, atafute maswali ya miaka iliyopita kutoka kwa waliotangulia, akae saa mbili bila simu na bila mashine ya kuhesabu, ayajibu kwa biki, ampe mwalimu au mwanafunzi wa chuo ayasahihishe. Akipata chini ya nusu, si aibu. Ni ramani. Inamwonyesha pa kuanzia.

Ajipe majuma sita, si siku sita. Saa moja na nusu kila siku inatosha kama ni ya kweli: nusu saa ya asilimia, riba na kanuni ya tatu, nusu saa ya kupanga hesabu za duka dogo, nusu saa ya kusoma au kusikiliza Kifaransa. Afanye asubuhi mapema, mwanga ukiwa wa bure. Anayekaa katika nyumba yenye watu kumi na wawili aombe darasa la parokia au la shule ya jirani. Wakubwa wengi hawakatai mtoto anayeomba meza.

Asisome peke yake. Watu watatu wanatosha. Mmoja anajua hesabu, mwingine Kifaransa, wa tatu ana kitabu. Kila mmoja awafundishe wenzake. Ukishindwa kumweleza mwenzako kwa nini kuuza kwa deni ni mapato hata kama kasha ni tupu, basi wewe pia hujaelewa.

Na afanye zoezi moja la mwisho akitazama saa. Wengi wanaoanguka walijua majibu, ila walikaa dakika arobaini juu ya swali la kwanza.

Wazazi nao wana kazi, hata wale ambao hawakusoma. Kabla ya kutoa feza ya fomu, baba au mama aulize maswali matatu. La kwanza: mtihani huo una masomo gani? La pili: nionyeshe mazoezi uliyofanya juma hili. La tatu: nani amekusahihisha? Hakuna haja ya kujua kontabilite ili kuuliza hivyo. Kijana asiye na jibu hajawa tayari, na feza ingoje kidogo. Tena mzazi ampunguzie mzigo. Haiwezekani msichana achote maji, apike, alee wadogo, auze mandazi mpaka saa mbili za usiku, halafu aulizwe kwa nini kaka yake amefaulu na yeye ameanguka. Saa moja na nusu kwa siku, kwa majuma sita, na wadogo zake wachote maji. Hiyo nayo ni minervali.

Shule za sekondari zisijifiche nyuma ya asilimia za diplome. Shule inayosherehekea wote kufaulu, halafu wanafunzi wake wanashindwa kupanga hesabu za duka, ijiulize ilifundisha nini. Kuandikisha noti ubaoni toka asubuhi mpaka saa sita si kufundisha. Somo la biashara ni mazoezi, na mazoezi yanasahihishwa.

Na vyuo? Chuo kinachopokea feza ya fomu kina deni kwa anayelipa. Kimwambie kwa karatasi: masomo yatakayoulizwa ni haya, saa ni ngapi, mashine ya kuhesabu inaruhusiwa au hapana, mfano wa maswali ni huu. Karatasi moja ukutani inatosha. Pale ambapo hakuna karatasi hiyo, mwenye ndugu ndani ya chuo anajua yote, na mtoto aliyefika juzi kutoka kambini hajui kitu. Huo si ushindani wa akili. Na matokeo yakitoka, aliyeanguka aonyeshwe alipokosea, ili mwaka ujao asilipie kosa lile lile.

Kwa aliyeanguka mwaka huu, mwaka haujafa. Hakuna sheria inayomkataza kushika daftari la mama yake kuanzia kesho: mali iliyoingia, iliyotoka, deni la nani, dola ilibadilishwa kwa bei gani. Baada ya mwezi mmoja mama atajua kama anapata au anapoteza, na kijana atakuwa na mazoezi thelathini ambayo hayapatikani katika kitabu chochote. Akirudi kununua fomu tena, atakuwa anaijua kazi anayoomba kwenda kuisomea.